Utosi wa Mji

Usinitajie mkahawa wa ghorofani kule Nyali,
ambako glasi ya sharubati ni nusu mfuko wa saruji
na wametia kioo kati yako na upepo.
Mimi ni fundi matangi.
Mji huu naujua kwa utosi,
kama kinyozi amjuavyo kadhi.

Anza Majengo, kwa Bi Time Shekue.
Ngazi mia moja na nne; ya tisini imemeguka, iruke.
Beba maji yako. Yeye hana,
ndiyo maana nimeitwa.
Ukifika juu geukia Makupa:
malori yamepangana hadi yanageuka vumbi,
na winchi za Kilindini zainua, zashusha, zainua,
kama mtu atafutaye ufunguo sandukuni
na wageni wamesimama mlangoni.

Kisha Tononoka, ghorofa ya Baghozi isiyo na ukingo.
Nenda asubuhi, kabla bati halijaanza kuchoma nyayo.
Hapo utaona maji yameukumbatia mji kwa mikono miwili,
mkono wa Tudor, mkono wa Kilindini,
na vidole karibu vikutane kwa nyuma.
Karibu.

Mji wa Kale ni habari nyingine.
Kule mapaa hugusana mabega, njia humezwa,
sauti hupanda bila mwenyewe:
cherehani, kikohozi, mtu agombana na muuza mihogo.
Harufu ya viazi karai hufika ghorofa ya tatu.
Ya nne hupati ila harufu ya jua.
Na Ngome, kwa kiburi chake chote,
ni mkate wa mofa ulioungua ukingoni.

Juzi mwanangu Saumu alipewa kazi ya shule:
chora mtaa wenu ukitazamwa kutoka juu.
Nikamchorea mimi. Nani ajuaye kunishinda?
Matangi meusi, mviringo, mviringo,
madishi yote yameelekea upande mmoja
kama safu iliyokosea kibla,
kamba za nguo, paka wawili.
Mwalimu akatia kosa.
Wino mwekundu: *Barabara ziko wapi?*

Nikamwambia Saumu, twende tukazitafute.
Mamake hakutaka.
Nikamfunga kiunoni kamba ya kupandishia matangi,
tukapanda kwa Kanji, Kibokoni, ghorofa ya tano.

Akanyamaza. Nikadhani aona bahari.
Nikamwonyesha: lile daraja la Nyali,
wale watu juu yake, ufuta mtupu,
ule mnara, ule mwingine…
"Baba," akasema, "mipira."

Kweli.
Miaka kumi na tisa juu ya mapaa
na sikuwahi kuiona.
Mmoja wa manjano, umesinyaa kama embe la mwisho.
Wa soksi na karatasi. Wa ngozi, mpya kabisa,
mtu alilia usiku kucha kwa ajili yake.
Kwenye mfereji wa madrasa, sita. Saba.
Tiara iliyonasa, mkia wake wa mfuko wa nailoni.
Na kule chini, juu ya bati la choo chetu wenyewe,
kandambili ya kijani, ya mguu wa kushoto.

Mwaka jana nilimchapa kwa kandambili hiyo.
Alisema imechukuliwa na kunguru.
Nani huamini kunguru?

Hakunikumbusha. Aliendelea kuhesabu,
kidole hewani, midomo yatembea,
na kamba mkononi mwangu ikivutika kidogo
kila alipoinama kuona zaidi.
Kunguru mmoja alikuwa juu ya antena ya jirani
ajipangusa mdomo, huku na huku.

Barabara hatukuziona.
Kwenye daftari, chini ya wino wa mwalimu,
aliandika mwenyewe: *ziko chini ya mapaa.*
Akachora mipira ishirini na mitatu.

Jumapili nikapanda na ngazi hadi juu ya choo.
Kandambili imepauka, imekuwa rangi ya mate.
Nikaiosha, nikamwita.
Akaijaribu kwa adabu, kisigino nje.
Haimwingii tena.